Feni ya kutolea hewa ya inchi 12 kwenye karakana ya nyumbani: mwaka mzima nikiitumia Uyole

Nawaandikia mafundi wenzangu mnaofanyia kazi nyumbani, hasa huku nyanda za juu ambako baridi imetuzoesha kujifungia. Mimi ni mama seremala, niko Uyole, Mbeya. Natengeneza vitanda, meza za kusomea za wanafunzi, kabati za vyombo na milango. Mbao zangu nyingi ni paini za Sao Hill zinazotoka Mufindi, na mara mojamoja mteja mwenye uwezo akitaka, nachana mninga. Feni ninayoielezea hapa niliifunga Mei mwaka jana, kwa hiyo imeshapita baridi ya Juni na Julai, vumbi la Septemba na mvua zote. Nilitaka ipite misimu yote kabla sijasema neno.

Karakana yangu ilikuwa stoo ya mahindi. Ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, mita 4 kwa 5, kimo mita 2.7. Mlango na dirisha viko ukuta mmoja, ule unaotazama nyumba kubwa. Kuta tatu zilizobaki hazikuwa na tundu hata la kupitisha kalamu. Hata ile nafasi ya juu, kati ya ukuta na bati, marehemu mume wangu aliiziba kwa saruji kwa sababu ya panya. Kwa mahindi ilikuwa kazi nzuri sana. Kwa mtu anayeshinda humo akipiga randa na msasa, ni kama kufanya kazi ndani ya gunia.

Nilijua kuna shida siku nyingi, ila nilikuwa najiambia vumbi ndiyo kazi yenyewe. Nikipenga kamasi jioni, leso inakuwa na rangi ya chai ya rangi. Kilichonitoa usingizini ni mwanangu wa mwisho, wa darasa la tatu, aliyekuwa anapenda kukaa kwenye kona ya meza yangu akifanya kazi za shule nikiwa napiga msasa. Akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha usiku kisichokuwa na homa. Zahanati tabibu alimsikiliza kifua, akaniangalia mimi kuanzia nywele mpaka viatu, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto anakaa wapi wakati wewe unafanya kazi?"

Siku hiyo nilifanya jambo dogo. Nilizima mashine ya msasa saa kumi jioni, nikafunga mlango, nikarudi saa kumi na mbili kasoro wakati jua la magharibi linapita kwenye ufa wa mlango. Ule mwale ulikuwa umesimama katikati ya chumba, mnene kama ufito, na ndani yake vumbi linacheza, halishuki. Karibu saa mbili tangu nizime mashine! Maranda unayoyafagia hayana neno, yanaanguka chini yenyewe. Kinachoingia kifuani ni ule unga usioonekana mpaka jua liumulike, na huo unaelea kwa saa nyingi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Seremala anayepiga msasa ndani ya chumba kilichofungwa anapaswa kujua hilo, na aliyeniambia mimi hakuwa fundi mwenzangu, nami nasikitika kwa hilo.

Kabla ya feni ya ukutani nilijaribu vitu vingine, na nisivifiche kwa sababu kimojawapo kinafaa kwa asiye na hela ya kutosha.

Standi feni ya inchi 16 nilikuwa nayo ndani ya nyumba. Hapa Mbeya inakaa bure miezi mingi. Kuiweka karakana ikikupulizia usoni ni kosa kubwa. Haitoi kitu, inachukua vumbi lililolala chini ya meza na kulipandisha puani. Lakini igeuze: isimamishe ndani, hatua moja kutoka mlangoni, ikitazama nje, na dirisha la upande wa mbali liwe wazi. Usiibane mlangoni kabisa. Ikikaa nyuma kidogo inakokota na hewa ya pembeni yake kutoka nayo. Kwa mwenye chumba chenye dirisha na mlango vinavyotazamana, hilo pekee linatosha kuanzia na halina gharama. Mimi vyangu viko ukuta mmoja, ndiyo maana haikunisaidia. Pangaboi la darini sikulifikiria mara mbili, linakoroga tu.

Mpwa wangu anayesoma chuo alinionyesha sanduku la kuchuja hewa lililobuniwa Marekani 2020 wakati wa Uviko na Richard Corsi na Jim Rosenthal: feni ya mraba juu, vichujio vinne pembeni, vimeshikwa kwa utepe wa gundi. Ni kitu cha maana kweli na rahisi kule vinakopatikana vichujio vile. Sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilizunguka nusu siku sikuvipata. Nikajaribu kufunga sponji ya godoro nyuma ya standi feni. Ndani ya dakika kumi mota ilikuwa ya moto haishikiki na hewa inayotoka mbele haizimi hata kiberiti. Nikaifungua haraka. Msijaribu sponji.

Sasa feni yenyewe. Ya kwanza nilinunua kwenye duka moja la vifaa vya umeme mjini, kwa shilingi 38,000, plastiki tupu kuanzia fremu mpaka mapanga. Muuzaji aliniapia ni ya karakana. Fundi umeme aliifunga juu ya mlango, kwa sababu soketi ilikuwa hapo karibu na hakutaka kuburuza waya. Iliungua wiki ya tatu. Vumbi liliingia kwenye mota, ikaanza kunuka, ikasimama. Niliporudi dukani na risiti yangu niliambiwa dhamana haihusu vumbi. Feni ya karakana ya mbao, dhamana haihusu vumbi! Iliniuma, lakini nashukuru ile feni iliungua, kwa sababu ingeendelea kuzunguka pale juu ya mlango ningeamini nina hewa safi.

Ya pili, ninayoitumia mpaka leo, ni ya chuma. Inchi 12, fremu ya chuma, mapanga ya chuma, mota iliyofungwa pande zote, na nyuma ina vibao vyepesi vinavyofunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Nililipa shilingi 65,000. Kwenye boksi imeandikwa wati 40, mita za ujazo 800 kwa saa. Chumba changu kina mita za ujazo 54, kwa hiyo kwa hesabu ya boksi hewa yote ingebadilika kila dakika nne. Hesabu ya boksi inafanyika feni ikiwa peke yake mahali pa wazi. Ukutani, yenye wavu na vumbi, ni kidogo kuliko hapo. Hata nusu yake ningeridhika nayo.

Nilinunua udi wa shilingi 500, nao ndio ulionifundisha kuliko fundi yeyote. Kabla ya kuifunga hii ya pili, niliishikilia kwenye lile tundu la juu ya mlango, nikaiwasha, mlango na dirisha nimefunga. Moshi wa udi mlangoni ulivutwa vizuri, ukinyooka kama uzi kuelekea kwenye feni. Nikaenda nao kwenye kona ya nyuma, pale penye meza ya msasa ninaposimama kutwa. Moshi ukapanda wima, ukajikunja, ukakaa. Hewa ilikuwa inaingia kwenye uwazi wa chini ya mlango na kutokea juu ya mlango huohuo. Kona yangu haikuguswa. Halafu nikajaribu kufungua mlango, ukawa mzito, unavutwa kwa ndani. Feni ilikuwa inahangaika kutafuta hewa na haina pa kuipatia.

Nilimwita mwashi, mzee mmoja wa Kinyakyusa anayenijengea tangu enzi za mume wangu. Nikamwonyesha ule moshi. Akakaa kimya, akachukua ule udi mwenyewe, akazunguka nao chumba kizima, mzee wa watu, kama anabariki nyumba. Kisha akasema, "Mwanangu, umenunua mdomo wa kutolea, pua ya kuingizia huna."

Akafanya hivi. Feni akaihamishia ukuta wa nyuma, kimo cha kichwa changu, nyuma kabisa ya meza ya msasa, ili vumbi likiinuka liende mbele yangu kuelekea ukutani na si kupita usoni. Tundu la juu ya mlango akaliziba. Chini ya ukuta wa mbele, futi moja kutoka sakafuni, akatoboa na kupachika matofali ya matundu sita, matatu kila upande wa mlango. Ni yale ya saruji ya sentimita 30 kwa 30 ambayo watu wanaweka kwenye baraza na vyoo. Kila moja nusu yake ni uwazi. Tundu la feni ya inchi 12 lina uwazi wa kama mita ya mraba 0.07, na matofali yale sita yote pamoja yana kama 0.27, karibu mara nne. Mzee hakupiga hesabu hiyo, niliipiga mimi baadaye kwa kalamu. Yeye alisema tu kwamba pa kuingilia pawe papana kuliko pa kutokea, hewa isikimbie ikakuletea baridi mgongoni. Ni kweli: ikipita pachache inakuja kwa nguvu kama kisu, ikipita pengi inaingia polepole hata huihisi.

Tofali moja lilikuwa shilingi 2,500. Nirudie: 2,500. Matofali sita ni 15,000, na kama ningelazimika kuchagua kati ya hayo na feni, ningechukua matofali.

Kosa letu moja lilikuwa lile la juu. Kwa kuwa tulikuwa tumeshashika tindo, tukavunja na ile saruji ya kati ya ukuta na bati upande wa nyuma, joto la mchana lipate njia. Umeme ukiwa umekatika ilikuwa raha: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inaingia kwenye matofali chini, chumba kinapumua chenyewe bila senti. Lakini tukiwasha feni, udi ukatuonyesha moshi unaingia ndani kutokea pale juu na kushuka moja kwa moja kwenye feni. Njia ya mkato tena. Nikachukua kibao cha paini, nikakifunga bawaba mbili za kabati na kamba ya kuvutia. Feni ikiwaka, kibao kimefungwa. Umeme ukikatika, nakifungua. Juu yake kuna wavu wa kuku kwa ajili ya panya, maana mume wangu hakukosea kuhusu panya.

Jambo la upepo angalieni kwenu wenyewe. Hapa kwangu upepo wa kiangazi hutokea upande wa Igawilo na kupiga ukuta wa mbele, kwa hiyo unanisaidia kusukuma hewa ndani ya matofali. Ingekuwa unapiga ukuta wa nyuma, ungekuwa unashindana na feni, na feni ya wati 40 haishindani na upepo wa Agosti wa Uyole. Funga kitambaa chepesi kwenye kijiti, kichomeke kila upande wa jengo kwa wiki moja kabla hujamwita mwashi.

Matokeo: ule mtihani wa mwale nimeurudia mara nyingi. Nikizima mashine na kuiacha feni nusu saa, mwale unabaki mwembamba, unauona kwa shida. Leso yangu ya jioni bado haiwi nyeupe nikichana mninga, ila ya siku ya paini iko karibu na nyeupe. Barakoa sijaiacha na sitaiacha, hasa kwa mninga, ambao vumbi lake linawasha pua na koo kuliko paini. Mtoto amehamishiwa meza yake sebuleni. Kikohozi cha usiku kiliisha kabla ya Julai. Siwezi kusema ni feni au ni kumtoa humo. Nafikiri ni kumtoa humo kwanza.

Vanishi na thina ni habari nyingine kabisa na naomba mnisikilize. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni. Feni iliyo kimo cha kichwa haiuchukui vizuri. Zaidi ya hapo ni mvuke unaoshika moto, na feni ya kawaida, swichi yake, soketi yake, vyote vinaweza kutoa cheche. Kwa hiyo sipulizi kitu ndani. Natoa kitanda nje, chini ya upenu, napiga vanishi huko, mlango wa karakana nimeufunga. Mvua ikinibana nasubiri. Wateja wengine hawapendi kusubiri, nawaeleza sababu, wengi wanaelewa.

Na jiko la mkaa. Juni na Julai asubuhi vidole havishiki patasi, na mafundi wengi tunaingiza jiko ndani. Nilikuwa nafanya hivyo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na chumba kama changu cha zamani kingeweza kuniua nikiwa nimesimama. Sasa jiko linakaa nje, naota moto, narudi kazini.

Baridi ndiyo lawama halali mtakayosikia juu ya mpango huu. Chumba kinachopitisha hewa ni chumba baridi. Gundi nyeupe ya mbao haipendi baridi, asubuhi inakauka vibaya na kuacha unga mweupe kwenye maungio. Nimebadilisha ratiba: gundi naipaka kuanzia saa tano jua likishapanda, na vibano navifungulia kesho yake. Asubuhi nachana na kupiga randa. Matofali mawili kati ya sita nayaziba kwa gunia miezi hiyo miwili, manne yanatosha.

Vumbi la barabarani nalo lilikuja Septemba kupitia matofali, likakaa juu ya mlango niliokuwa nimeshausugua tayari kwa vanishi. Niligongomea neti ya mbu kwa ndani, naikung'uta kila siku mbili. Ikijaa, feni inabadilika mlio, unasikia inalalamika.

Usafi wa feni ni kila Jumamosi. Nazima kwenye swichi kuu, napangusa mapanga kwa brashi kavu, na mota hasa, kwa sababu unga wa mbao ukiganda kwenye mota unaifunika kama blanketi na hapo ndipo moto unapoanzia. Mara ya kwanza kuifungua, baada ya wiki tano, niliukuta unga umeshika ukingo wa kila panga, umejipanga mistari myembamba kama maganda ya kitunguu. Nilikwangua kwa ukucha. Vile vibao vya nyuma navyo vilikwama kwa unga na unyevu wakati wa mvua, vikabaki wazi, mvua ya ubavu ikaingia. Fundi bati alinitengenezea kofia ya kuziba mvua kwa 8,000, nikaondoa shida hiyo. Kwa feni ya 65,000 nilitegemea vibao imara zaidi, na hapo naikata alama.

Umeme wake ni mdogo. Naiwasha kama saa sita kwa siku, hiyo ni robo ya uniti hivi. Uniti moja, ambayo kwangu haifiki shilingi 400, inanipeleka siku nne. Gharama yote ya kuanzia, feni ya pili, matofali, ujira wa mzee, saruji, waya na swichi, fundi umeme, wavu na kofia ya bati, ilifika kama 150,000. Ni chini ya bei ya kitanda kimoja cha futi tano ninachouza. Fundi umeme safari hii nilitafuta mwenye leseni, si kishoka, na nilimwambia waya utakwenda feni inapokwenda.

Feni hii ya chuma naipa alama saba kwa kumi: inavuta vizuri, haijawahi kupata moto, beringi hazijapiga kelele mpaka leo, ila vibao vyake ni dhaifu na nati za kushikia fremu zililegea mara mbili kwa mtikisiko. Kama utanunua, shika mapanga mkononi dukani, yazungushe kwa kidole, yasikilize. Yasiguse fremu, yasimame taratibu. Iombe iwashwe hapohapo na ushike karatasi upande inaovutia hewa, ikivuta karatasi ikaganda kwenye wavu, lipa.

Jambo moja sikulifikiria. Ukuta wa nyuma unatazama uwanja wa jirani yangu, na wiki ya kwanza shuka zake nyeupe zilipata unga wa mninga. Alikuja mwenyewe, kwa upole, amezishika mkononi. "Dada, angalia." Nilizifua mimi, nikamwomba radhi. Kofia ya bati sasa inaelekeza hewa chini badala ya mbele, na tumeshaelewana: Jumatano na Jumamosi ndizo siku zake za kufua, na siku hizo sichani mbao mpaka baada ya saa tisa, nguo zikishaanuliwa.